Muulize Chifu: Nani aliyeziua Viper na Cobra?

SWALI: Shikamoo Chifu. Mimi nasomea uhandisi wa meli, kwetu ni Chumbageni, Tanga. Mwalimu wetu mmoja alitueleza kwamba destroya (manowari ndogo za mbio) mbili za kwanza za Uingereza kuendeshwa kwa turbini, Viper na Cobra, zilipotea mwaka mmoja, 1901, na kwamba turbini ndiyo iliyoziua: iliwapa Waingereza kasi wasiyoweza kuimudu. Mwenzangu wa bwenini anabisha. Yeye anasema ni yale majina ya nyoka. Tumewekeana dau la soda, tunaomba utuamulie. – Binti wa Chumbageni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukumu naitoa kabla ya ushahidi, maana nawajua wanafunzi, hamsomi hadi mwisho. Turbini haikuua hata moja. Viper iliuawa na ukungu na mkondo wa maji. Cobra iliuawa na mwili wake wenyewe. Nyoka nitawafikia huko chini, kwa sababu nina barua ya Lamu inayouliza hayo hayo. Soda mnunuliane.

Sasa ushahidi. Kufikia miaka ya 1880 mataifa makubwa ya Ulaya yalikuwa na boti za topido, yaani bomu linalokwenda lenyewe ndani ya maji: vyombo vidogo, vya bei nafuu, vinavyonyemelea usiku na kuitoboa meli kubwa ya vita chini ya mkanda wa maji. Wafaransa walikuwa nazo tele na Waingereza wakawa hawapati usingizi. Mwaka 1892 Admirali John Fisher, aliyekuwa amekabidhiwa ujenzi wa meli za jeshi lao, akawataka wajenzi binafsi wamletee chombo chenye mbio za kuikimbiza boti ya topido, kuifikia na kuipiga mizinga. Alfred Yarrow, mwenye karakana kandokando ya mto Thames pale Poplar, London, akamjengea Havock. Ilishushwa majini mwaka 1893, tani 240, ikapita noti 26. Noti moja, kwa wasomaji wa bara, ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu kilomita 1.85. Hiyo ndiyo destroya ya kwanza ya Uingereza kufanya kazi. Miaka michache tu mbele jeshi likawa linataka noti 30, na Havock ikaonekana kikongwe.

Ila ili uelewe turbini ilileta nini, shuka nami kwanza kwenye chumba cha injini cha destroya ya noti 30 kabla ya turbini kuja. Injini ni ya mvuke, ya pistoni. Mvuke unaingia silinda ndogo, ukitoka humo umepungua nguvu unaingia ya kati, halafu ile kubwa. Shafti inazunguka kama mara 400 kwa dakika. Piga hesabu: karibu mara saba kila sekunde, rundo la pistoni, fito na krenki linapanda, linasimama, linashuka, linasimama. Chuma chote kile kinageuzwa mwelekeo mara kumi na nne kwa sekunde, ndani ya meli yenye bati la unene wa milimita chache. Meli nzima inatetemeka hadi meno yanagongana. Beringi zinamwagiwa maji na mafuta mfululizo zisiungue, na krenki inayarusha yote hewani, kiasi kwamba mafundi walivaa makoti ya mvua wakiwa ndani. Mfanyakazi wa kupaka mafuta alipima joto la beringi kwa mkono mtupu, huku krenki inazunguka. Anaupeleka mkono sawasawa na mwendo wake, anaigusa kidogo inapopita, anautoa.

Mimi ujanani niliikuta injini ya aina hiyo, ila ya taratibu, ya meli ya mizigo, mizunguko 70 hivi kwa dakika. Serang wetu wa injini, yaani mnyapara, alinisimamisha pembeni zamu nzima nikitikisa kichwa tu kufuata krenki kabla hajaniruhusu kunyoosha mkono. Siku niliyogusa beringi na kutoa vidole vyote vitano alinipa chai yenye maziwa ya kopo. Kwa mizunguko 400 sidhani kama ningethubutu.

Aliyeikomesha kazi ile ni Charles Parsons. Alikuwa mtoto wa mwinyi wa Ireland. Baba yake alijenga darubini kubwa ya kutazamia nyota katika ngome yao ya Birr. Kijana akaacha nyota akafuata mvuke. Mwaka 1884 alipata hataza ya turbini yake: mvuke haupigi pistoni tena, unapita katikati ya safu nyingi za visu vidogo vilivyopangwa kuzunguka mhimili, na kila safu inauchuma mvuke nguvu kidogo kidogo hadi utoke umechoka. Hakuna cha kupanda wala kushuka. Kila kitu kinazunguka upande mmoja. Mwanzoni ilitumika kuzalisha umeme. Mwaka 1894 akajenga kimeli cha majaribio, Turbinia, urefu wa mita 30 na ushei, tani 44, chembamba sana.

Tarehe 26 Juni 1897 manowari za Uingereza zilipangwa safu kwa safu pale Spithead, mbele ya bandari ya Portsmouth, kusherehekea miaka 60 ya Malkia Victoria kwenye kiti cha enzi. Wageni wa mataifa wako melini wanatazama. Turbinia ikachomoka, ikakatiza kati ya safu za manowari kwa noti 34 hivi, na boti za doria zilizotumwa kuifukuza zikabaki nyuma. Watu wamelikuza sana tukio lile, lakini kiini chake ni kweli, na Parsons alijua anachokifanya. Jeshi lisingejifanya halikuona.

Mwaka uliofuata jeshi likampa Parsons kandarasi ya destroya moja. Yeye ni mtu wa mitambo, si wa maganda ya meli, kwa hiyo ganda likajengwa na Hawthorn Leslie pale Hebburn, mto Tyne. Ndiyo Viper. Ilishushwa majini tarehe 6 Septemba 1899: urefu mita 64, upana mita 6 na nusu hivi, tani 344, mzinga mmoja wa kati na midogo mitano, mirija miwili ya topido. Kandarasi ilidai noti 31. Kwenye majaribio ya mwaka 1900 ikapita noti 36. Hakukuwa na chombo cha vita duniani cha kuigusa. Kwa mwendo ule ungetoka Dar es Salaam ukafika Unguja kwa saa moja na dakika chache, mwaka 1900, kwa mkaa wa koleo!

Na hapo kwenye koleo nitakaa kidogo, maana vitabu vya meli hupenda kutaja noti na kusahau mikono. Ili boila zitoe mvuke wa kutosha, destroya zile zilisukumiwa hewa kwa nguvu. Chumba cha boila kilifungwa kabisa, feni zikakijaza hewa hadi shinikizo la ndani likazidi la nje, na hewa isipate njia ya kutokea ila kupitia kwenye moto. Mchocheaji aliingia kwa mlango wa kwanza, akaufunga, ndipo akafungua wa pili. Humo ndani anachota mkaa, anafungua mlango wa tanuri, anautandaza usawa juu ya chanja asiache tundu, anafunga haraka, anahamia tanuri jingine. Akiacha tundu hewa baridi inapenya na mvuke unashuka. Sakafu inayumba, vumbi la mkaa limejaa, masikio yanauma kwa lile shinikizo. Noti 36 za Viper zilitoka humo.

Huko kwenye turbini mambo yalikuwa mengine kabisa. Shafti nne, kila moja inazunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na walioingia walishangaa kwamba hakuna kinachoonekana kutembea. Makasha ya chuma tu na mvumo. Kwa kuwa turbini haiwezi kugeuzwa irudi nyuma, Parsons aliweka turbini nyingine ndogo za kurudia nyuma kwenye shafti za ndani. Utaratibu huo ulikaa kwenye meli miongo mingi, nami nimeufanyia kazi.

Sasa kifo chake. Agosti 1901 jeshi lilikuwa kwenye mazoezi ya kivita ya kila mwaka kwenye mlango bahari kati ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 3 Viper ilitumwa kutafuta boti za topido za upande wa pili karibu na kisiwa cha Alderney. Mwanangu, waulize mabaharia juu ya Alderney. Pande zote ni miamba, mingine inajitokeza maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Mkondo kati ya Alderney na kisiwa kidogo cha Burhou unakwenda noti saba na zaidi wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi, na siku ile mwezi mpevu ulikuwa umepita siku chache tu nyuma. Miaka miwili kabla, Machi 1899, meli ya abiria Stella iligonga miamba ya Casquets, upande wa magharibi wa hapo hapo, ndani ya ukungu, ikazama na watu zaidi ya mia moja.

Ukungu ukashuka. Viper ikapunguza mwendo, lakini kupunguza mwendo kwenye maji yanayokimbia ni silaha ya pande mbili: kadiri unavyokwenda polepole, ndivyo mkondo unavyokuchukua zaidi kabla hujafika unakodhani umefika. Hakukuwa na rada. Kulikuwa na dira, saa, bildi ya kupimia kina na macho. Jioni ikapanda miamba ya Renonquet, karibu na Burhou, ikachanika chini. Mabaharia wakashusha mashua, wakatoka wote wazima. Meli haikuokoka.

Turbini iko wapi kwenye kisa hicho? Destroya Sparrowhawk, ya pistoni, iligonga mwamba karibu na mdomo wa mto Yangtze, China, mwaka 1904. Lee, ya pistoni pia, ikapotea pwani ya magharibi ya Ireland mwaka 1909. Hakuna aliyesema pistoni inavuta miamba.

Cobra ni kisa kizito zaidi, na mimi kinanikasirisha hadi leo. Hii haikuagizwa na jeshi. Kampuni ya Armstrong ya huko huko Tyne iliijenga kwa kubahatisha, ikitegemea kwamba mnunuzi atapatikana, ikaweka turbini za Parsons. Ilishushwa Juni 1899, na mwaka 1900 jeshi likainunua. Ilikuwa ndefu kuliko Viper, mita 68, na nyembamba kidogo kuliko mwenzake. Kumbuka hilo: ndefu zaidi, nyembamba zaidi.

Septemba 1901, siku 46 tu baada ya Viper kupotea, Cobra iliondoka Tyne kwenda Portsmouth kukabidhiwa rasmi kazini. Ndani mlikuwa na watu 79: mabaharia wa jeshi chini ya Luteni Alan Bosworth Smith, pamoja na mafundi raia zaidi ya 20 waliokuwa wakiiendesha mitambo kwa niaba ya mjenzi. Usiku bahari ikachafuka, meli ikayumba vibaya, mwendo ukapunguzwa. Asubuhi ya tarehe 18, karibu na fungu la Outer Dowsing nje ya pwani ya Lincolnshire, walisikia mshtuko, kisha meli ikakatika vipande viwili. Waliopona ni 12, waliong'ang'ania kimashua kimoja kidogo na kuelea saa nyingi hadi meli iliyokuwa ikipita ikawaokota. Luteni alizama na meli yake. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Robert Barnard, meneja wa karakana ya Parsons, mtu aliyesimamia kazi tangu Turbinia.

Mahakama ya kijeshi ilikaa Portsmouth mwezi Oktoba. Kila mtu alitegemea kusikia kwamba meli iligonga fungu au gogo, maana hilo lingewaridhisha wote. Mahakama ikasema la: haikugusa chini, haikugonga kitu, wala hakukuwa na kosa la uongozaji. Ilikatika kwa udhaifu wa mwili wake. Ikaongeza kwamba Cobra ilikuwa dhaifu kuliko destroya nyingine, na kwamba ni jambo la kusikitisha kuwa ilinunuliwa. Maafisa wa jeshi kuandika kwamba jeshi lao halikupaswa kununua kitu! Hukumu ya namna hiyo huisikii mara mbili.

Mwili wa meli unavunjikaje? Wimbi likiwa katikati, omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya meli, vinaning'inia hewani, sitaha inavutwa na mkuku, ule uti wa chini, unabanwa. Wimbi linasogea, sasa omo na tezi vimebebwa na katikati kunaning'inia, mambo yanageuka: sitaha inabanwa, mkuku unavutwa. Huku, huko, usiku mzima, kama unavyokunja waya ili uukate bila koleo. Meli ikiwa ndefu na nyembamba, bati likiwa jembamba, dhiki inazidi. Injini hapo ni mzigo tu kama mizigo mingine, na kwa haki ya Mungu turbini ni mzigo mzuri kuliko pistoni, kwa sababu haiutikisi mwili. Hapo ndipo mwalimu wako nampinga moja kwa moja. Mwambie kwa adabu.

SWALI: Chifu, mimi ni fundi wa mashine za boti, Mkokotoni. Injini ninazotengeneza zina rafadha, ile panga ya kusukuma maji, moja moja. Nimeona kwenye kitabu cha picha kwamba Viper ilikuwa na rafadha nane. Nane za nini?

JIBU: Shafti nne, kila moja na rafadha mbili, moja nyuma ya nyingine. Cobra ilizidisha: tatu kwa kila shafti, jumla 12. Ukiiona picha yake chelezoni unaweza kucheka, lakini sababu yake wewe unaijua kwa mikono yako.

Umewahi kufungua injini kwa nguvu boti ikiwa na mzigo, ukasikia injini inalia juu lakini boti haiondoki? Rafadha ikizungushwa kasi kupita kiasi, maji nyuma ya ubapa wake yanavutwa hadi yanageuka mvuke, mapovu yanajaa, na rafadha inakata utupu badala ya maji. Turbini inataka kuzunguka haraka. Rafadha inataka kuzunguka taratibu. Wakati ule hakukuwa na gia kati yao: mhimili wa turbini na shafti ya rafadha vilikuwa kitu kimoja. Turbinia ilipojaribiwa mara ya kwanza na shafti moja haikufika hata noti 20, ikamfedhehesha mwenyewe. Parsons hakubisha na bahari. Alitengeneza tangi dogo lenye dirisha, akazungusha humo kirafadha cha kuchezea na kukimulika kwa mwanga wa kumetameta uliofuatana na mzunguko, ili kionekane kimesimama. Akayaona mapovu kwa macho yake. Dawa aliyoipata ni kugawa kazi: rafadha nyingi ndogo, kila moja ibebe sehemu yake. Turbinia ikapewa shafti tatu na rafadha tisa, na hizo ndizo zilizowakimbia watu Spithead.

Haikuwa dawa kamili. Rafadha ya nyuma inafanya kazi kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa na ya mbele, nguvu nyingi inapotea. Dawa yenyewe ni gia, na Parsons aliifikia baadaye: alinunua meli kuukuu ya mizigo, Vespasian, akaing'oa injini na kuiwekea turbini yenye gia, akaonyesha mnamo 1910 kwamba inakula mkaa kidogo kuliko zamani. Wazee wenzangu wa Mombasa wanaoikumbuka SS Uganda ya mwaka 1952 ikiingia Kilindini kutoka London: zile zilikuwa turbini za mvuke zenye gia, rafadha mbili tu, na meli ya tani zaidi ya 14,000.

SWALI: Sheikh Chifu, salaam kutoka Lamu. Huku tunasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nimesikia Waingereza waliapa kutoiita meli tena jina la nyoka baada ya misiba hiyo. Ni kweli?

JIBU: Wa alaikum salaam, bwana. Woga ulikuwepo, hilo sikatai. Bibi yangu mwenyewe usiku hakumtaja nyoka kwa jina lake. Na mabaharia wa Kiingereza walikuwa na orodha ndefu: manowari Serpent iligonga miamba ya Galicia, Hispania, Novemba 1890, wakapona watatu tu. Halafu Viper. Halafu Cobra. Destroya ya nne ya turbini kwenye ukoo huu, kama utaihesabu Turbinia kuwa mama yao, ilikuwa ikijengwa kwa jina la Python, na jeshi lilipoinunua mwaka 1902 ikaitwa Velox. Sioni haja ya kuuliza kwa nini.

Ila kiapo? Mwaka 1910 jeshi hilo hilo lilishusha majini destroya iitwayo Rattlesnake, huyo nyoka wa Marekani mwenye njuga mkiani. Ikapigana vita vya kwanza vya dunia, ikatoka salama, ikauzwa kama chuma chakavu mwaka 1921. Na Velox, iliyovuliwa jina la nyoka ili ipone, ilikanyaga bomu la majini karibu na kisiwa cha Wight mwezi Oktoba 1915 ikazama. Mpelekee hayo yule kijana wa bwenini Tanga.

SWALI: Kama turbini ilikuwa nzuri kiasi hicho, mbona nimesoma kwamba destroya nyingi zilizofuata zilirudi kwenye pistoni? Au Waingereza walikuwa wanajua lisilosemwa? – Msomaji, Kisauni

JIBU: Walikuwa wanajua bei ya mkaa, basi. Turbini ya wakati ule ilikuwa na ulafi mbaya ikienda polepole. Kwa kasi kubwa inamshinda pistoni, kwa mwendo wa doria inakula mkaa kupita kiasi, na destroya hutumia siku nyingi kwenye doria kuliko kwenye mbio. Ndiyo maana Velox iliwekewa na vijiinjini vya pistoni kwa ajili ya mwendo wa taratibu.

Misiba ile iliharakisha jambo jingine. Jeshi liliacha kushindana noti za majaribio, zilizopatikana kwenye maji matulivu na meli ikiwa nyepesi. Destroya zilizofuata, za daraja la River, zilijengwa nene zaidi, omo yake imeinuliwa isimezwe na mawimbi, na kasi ikateremshwa hadi noti 25 na nusu. Watu walilalamika. Mimi nasema ndiyo destroya za kwanza za Kiingereza unazoweza kumpeleka mtoto wako akafanye kazi humo. Karibu zote zilikuwa za pistoni, lakini mojawapo, Eden, ilipewa turbini, nayo kruza (manowari kubwa kuliko destroya) Amethyst ikapewa turbini ili ilinganishwe na wenzake wa pistoni wa ukubwa ule ule. Matokeo yakawa wazi: kwa mwendo mkubwa turbini inaokoa mkaa, na haichoki wala haimwagi mafuta. Februari 1906 ikashushwa Dreadnought, meli kubwa ya vita ya kwanza duniani kuendeshwa kwa turbini, noti 21. Miaka mitano haijatimia tangu Cobra izame. Aliyeisukuma ni yule yule Fisher wa Havock.

SWALI: Waliojenga Cobra walifanywa nini? – Kigoma

JIBU: Hawakufanywa kitu. Waliikataa hukumu wakisema meli lazima iligonga kitu. Jeshi nalo likaingiwa na hofu juu ya destroya zake zote, likaichukua mojawapo, Wolf, likaiweka chelezoni Portsmouth. Kwanza ikaegemezwa katikati tu, omo na tezi vikaning'inia. Kisha ikaegemezwa ncha mbili, tumbo likaning'inia. Na bati likapimwa linavutika kiasi gani. Wolf haikukatika. Dhiki iliyoonekana ilikuwa ndogo kuliko ya kwenye mahesabu, kwa hiyo destroya za kawaida zikaonekana zina akiba ya nguvu. Wenye Cobra wakaligeuza hilo kuwa utetezi wao. Mimi nalisoma kinyume: kama za kawaida zilikuwa na akiba, basi ile iliyokatika ndiyo haikuwa ya kawaida, kama mahakama ilivyosema.

Ama mtu aliyesimamia michoro ya meli za kivita kule Armstrong, Philip Watts, mwaka 1902 aliteuliwa mchoraji mkuu wa meli wa jeshi zima. Dreadnought ni mchoro wake. Nawaachia wasomaji wa Kigoma waamue kama hiyo ni adhabu au tuzo. Meli zake za baadaye, niseme ukweli, hazikukatika.

Barua nyingine za meli zimebaki kwa sababu ya nafasi. Msomaji wa Pemba mwenye boila inayotema maji pamoja na mvuke: usiongeze moto. Punguza, toa maji machafu chini kidogo kidogo, halafu niandikie kioo cha maji kinasimama wapi na maji unayatoa kisima gani, nitakujibu toleo lijalo.